Mpelelezi wa Nyaya Nane

4 Machi

Shemeji yangu Unga,

Barua hii nimempa dereva wa lori akukabidhi mkononi, hapo hapo kwenye tanuri lako la mikate, asiipeleke nyumbani. Dada yangu asiione. Yule hasikii, lakini anaona hata unachowaza, kwa hiyo akikutazama usiiwaze.

Kile kidude nilichokuambia nimekipata! Boksi limeandikwa kichanganuzi mantiki, jina la kutisha kama la ugonjwa, na bei yake ni ya kandambili. Chenyewe kinaingia kwenye kiganja. Upande mmoja unakichomeka kwenye kompyuta, upande wa pili kimetoa nyaya nane za rangi na mbili nyeusi. Kila waya wa rangi unaubana mahali unapotaka kwenye saketi, kisha kompyuta inakuchorea mstari: umeme ukiwepo mstari unapanda, usipokuwepo unashuka. Basi, hakijui lingine. Lakini kwa mtu kama mimi, ambaye miaka yote nimetengeneza saketi kwa kubahatisha na kumwomba Mungu, ni kama nimefunguliwa kitambaa machoni. Nimekiita Mpelelezi.

Jana nilimjaribu mara ya kwanza. Nikabana nyaya, mistari ikaanza kucheza, nikaita kambi nzima ya wafanyakazi wa pampu ya maji waje waone. Wakaja, wakapiga makofi. Mpishi wetu akauliza, "Na huo wa kijani umebana nini?" Tukaufuata. Ulikuwa umebana kijiko. Kijiko, shemeji, kimo ndani ya kikombe cha chai, na kinatoa habari! Ndipo nikasoma karatasi ya maelezo, ambayo mwanamume huisoma mwisho. Kumbe nyaya nyeusi zisipobanwa kwenye upande wa hasi wa saketi, Mpelelezi hana pa kuanzia kupima, basi anaokota uvumi hewani na kukuletea kama habari. Nimekoma. Kuanzia leo nabana nyeusi kwanza, tena zote mbili, kama mtu anavyopiga hodi kabla hajaingia.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Mama yako ameshasema mtoto akizaliwa, yeye na dada wahamie kwake mpaka mtoto ajue kutembea, kwa sababu wewe unatoka alfajiri kwenda kuoka na dada atabaki amelala huku mtoto analia. Mama hana ubaya. Lakini dada yangu akitolewa kwenye nyumba yake na kutunzwa kama naye ni mtoto, atavunjika moyo, nami namjua akivunjika moyo. Kwa hiyo tutamtengenezea sikio. Kiboksi cha kwanza kitakaa karibu na kitanda cha mtoto, kisikilize. Cha pili, chenye mota ndogo, kitakaa chini ya mto wake. Mtoto akilia, mto utatetemeka, mama ataamka. Tusimwambie mpaka kifanye kazi. Ile taa ya mlangoni niliyomtengenezea mwaka jana imwonyeshe mtu akibisha hodi ilikuwa inawaka hata paka akipiga chafya. Aliicheka mbele ya watu, ila najua alikuwa ameitegemea.

Mjomba mtarajiwa,
Fundi Pampu


11 Machi

Shemeji yangu Fundi Pampu,

Barua yako niliificha ndani ya gunia la unga. Leo nimeitoa ili nikujibu, na sasa napiga chafya kama yule paka wako. Nimecheka habari za kijiko mpaka vijana wa trei wakaniuliza kulikoni. Nikawaambia ni siri ya familia, na sasa wanadhani nimeoa mke wa pili.

Huku mambo yameiva. Mama ameshapaka chumba rangi, amenunua godoro jipya, na majirani zake wote wameshaambiwa wajiandae kumsaidia kubeba mtoto. Mama haombi, anatoa taarifa. Dada yako Brashi alipoambiwa alijibu kwa mikono, na hata mtu asiyejua lugha ya ishara angeelewa vizuri sana. Mimi niko katikati yao kama siagi.

Mke wangu mwenyewe hashuki ngazini. Na tumbo lile, bado anachora bango la duka la viatu, herufi ndefu kuliko mimi. Nikimwashiria ashuke, anageuzia uso ukutani, na asiponitazama sina namna ya kumwambia lolote. Ndiyo silaha yake tangu tuoane.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi mwenyewe naogopa. Nikiwa mbele ya tanuri najiwa na picha ya mtoto analia mpaka sauti inakauka, na mama yake amelala pale pale pembeni, hana habari. Halafu naona aibu kuwaza hivyo juu ya mwanamke ambaye hajawahi kuunguza hata chungu kimoja. Yeye si mzembe. Ni kwamba hakuna wa kumwamsha.

Mama nimemwambia habari za kiboksi, nisamehe, ilibidi nimpe kitu cha kusubiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nionyeshe hicho kitakachomwamsha, nami sitafungua mdomo tena. Kisipomwamsha, nakuja na gari kuwachukua." Mama akisema gari, ameshaongea na mwenye gari. Fanya haraka, shemeji.

Wako,
Unga


25 Machi

Shemeji yangu Unga,

Washa redio, cheza, waoneshe vijana wa trei kwamba nawe una kiuno. Sikio linasikia!

Mwanzoni lilikuwa linasikia kila kitu. Hapa kwenye kituo pampu kubwa hainyamazi, na mota ilikuwa inatetemeka nayo kutwa nzima. Zamani ningebadilisha kila kitu kwa zamu mpaka nichoke. Sasa nikamwita Mpelelezi. Nyeusi mbili kwanza, kwa adabu, moja kwenye kila kiboksi, kisha ya manjano kwenye kipaza sauti. Mstari ukaniambia kila kitu. Pampu inapiga vijimlima vifupi vifupi, vinafanana kama meno ya kitana. Nikamwomba mpishi alie kama mtoto. Alikataa, akataka kwanza nioshe masufuria. Nikayaosha. Akalia. Mlima ukapanda na ukakaa juu, mrefu, unashuka kidogo kwa ajili ya pumzi, unapanda tena. Tofauti inaonekana hata kwa jicho moja! Basi nikakiamuru kile kijiubongo cha kiboksi: kelele fupi iache ipite, ikikawia juu ndipo uamshe. Tangu hapo pampu inanguruma na mota imetulia. Mpishi akilia tu, inaruka mezani kama chura.

Nimekutumia viboksi vyote viwili. Kila kimoja kina betri zake. Kati ya viboksi unapita waya mmoja mwembamba mrefu unaopeleka habari kutoka cha kwanza kwenda cha pili. Upitishe nyuma ya kitanda. Mpelelezi nimebaki naye, nina saketi nyingine kumi zinazonidai maelezo. Nilimwacha amebana mpaka dereva alipopiga honi, maana kila nikitazama ile mistari nafurahi upya.

Mjomba,
Fundi Pampu


2 Aprili

Kaka,

Nakuandikia kwa sababu huku hakuna wa kumwuliza. Wote wamekuwa watu wa kunitabasamia.

Mume wangu ananificha kitu. Siku hizi anarudi na unga mpaka mabegani, na mwokaji hatumbukizi mabega kwenye unga ila kama anatafuta alichofukia. Juzi dereva wa lori alimkabidhi boksi. Nilikuwa ng'ambo ya barabara juu ya ngazi yangu, nikamwona. Aliponiona, alilikalia. Mtu mzima, kaka, amekalia boksi kama kuku, na ananipungia mkono.

Hayo ningeyamezea. Lakini jana nilipita kwenye dirisha la nyuma la tanuri nikachungulia. Mama mkwe alikuwa amelala chali juu ya magunia, mdomo wazi, analia. Analia hasa, kifua kinapanda na kushuka. Mume wangu amesimama pembeni, kichwa chini, mikono imeshika kitu ambacho sikukiona. Nikaelewa. Mama amemlilia mwanawe mpaka akakubali. Wameshapanga siku ya kunihamisha.

Sijamwuliza. Nikimwuliza na akasema ndiyo, nitajibu nini? Nyumba hii kuta zake nimezichora mimi, mpaka mlango wa choo una maua. Nataka mwanangu afungulie macho humu. Wananiona mimi ndiye nisiyesikia, wakati mimi ndiye nisiyesikilizwa.

Kama unajua lolote, niambie. Wewe hujawahi kunidanganya kwa muda mrefu.

Brashi


3 Aprili

Shemeji,

Sikio lako limekufa njiani.

Nimefanya yote ulivyoeleza. Kitanda tulikifanyia magunia huku tanurini, waya nikaupitisha nyuma, betri mpya. Nikamwita mama aje awe mtoto. Mama hafanyi kitu nusu nusu, unamjua. Alilala chali, akafumba macho, akalia kwa sauti iliyosimamisha watu barabarani. Kiboksi cha kwanza kikawasha kijitaa chake chekundu kuonyesha kimesikia. Kimesikia, shemeji! Lakini mota kimya. Nikaishika mikononi, nikainamisha kichwa nisikilize labda inatetemeka kwa mbali. Hata pumzi. Mama akalia tena, safari hii na mashairi ndani yake. Taa nyekundu, mota kimya.

Mama aliinuka, akajipangusa unga, akasema taratibu, "Mwanangu, mimi nimelia mpaka koo limekauka na hakuna aliyeamka." Hakunisimanga. Afadhali angenisimanga.

Brashi naye tangu jana haniangalii. Sijui nimekosa nini. Mtume Mpelelezi na lori linalorudi, na unichoree kila waya unakaa wapi.

Unga


9 Aprili

Dada yangu,

Mumeo ni mtu mwema na mama mkwe wako mzima wa afya, kulia kule ni mazoezi. Siwezi kusema zaidi. Usifungashe kitu, usimnunie mtu, na kwa ajili ya Mungu shuka kwenye hiyo ngazi.

Kaka yako


9 Aprili

Shemeji,

Barua yako na ya dada zimenifikia siku moja, nikazisoma kwa kupokezana, na sijui kama nilikuwa nacheka au nalia. Alimwona mama dirishani! Anadhani mnalia msiba wake. Maliza jambo hili upesi, la sivyo mtoto atazaliwa wazazi hawaongei.

Mpelelezi huyu hapa. Nimekuchorea. Nyeusi moja ibane kwenye hasi ya kiboksi cha kwanza, nyeusi ya pili kwenye hasi ya kiboksi cha pili. Usizisahau, utakuja kupata habari za vijiko. Za rangi fuata namba. Kompyuta utumie ile ya hesabu za mikate.

Fundi Pampu


16 Aprili

Shemeji,

Nimechanganyikiwa kwa furaha na kwa hasira pamoja.

Nilibana nyaya kama ulivyochora. Mama akalala, akalia. Mota ikaruka kutoka mkononi mwangu ikaangukia kwenye beseni la unga uliokandwa! Nikapiga kelele, mama akapiga kelele, mota nayo ikazidi kutetemeka ndani ya unga maana kelele zetu zilikuwa ndefu. Tukakumbatiana. Nikamfungua Mpelelezi, nikamweka kwenye boksi lake, nikasema mama lia mara ya mwisho tufunge kazi. Akalia. Kimya.

Nikamrudisha Mpelelezi. Inatetemeka. Nikamtoa. Kimya. Shemeji, umetengeneza mfanyakazi anayefanya kazi msimamizi akiwepo tu! Ninao wawili wa namna hiyo kwenye trei, sikuhitaji wa tatu. Mama anasema tumwache tu Mpelelezi hapo maisha yake yote. Sasa mke wangu alale na kompyuta ya hesabu za mikate kitandani?

Mara ya nne, mama amelala chali na anajitahidi, nikaona kivuli. Brashi amesimama mlangoni, brashi ya rangi mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akatazama zile nyaya za rangi zilivyotapakaa juu ya magunia. Kisha akaniuliza kwa mkono mmoja, polepole, "Huyu mtoto anayelia ni wa nani?"

Nimemwambia yote. Amechukua kila kitu akaenda nacho nyumbani, na mama kamfuata. Mimi nimeachwa na mkate wenye alama ya mota.

Unga


17 Aprili

Kaka,

Wapumbavu watatu, na mmoja wao ana leseni ya ufundi.

Kwanza hasira, maana nikianza na kicheko utaniona nimesamehe. Mlikaa mkapanga usingizi wangu, mto wangu na mwanangu, mkamwambia mama mkwe, mkamwambia mpishi wa kambi, dereva wa lori akajua ana siri kwenye kabati la gari, na mimi peke yangu nisijue. Mliogopa nisije nikavunjika moyo. Moyo ni wangu, kaka. Nikitaka kuutegemeza kwenye taa ya paka, niacheni nitegemee. Nimekuwa nikilala macho wiki mbili nzima nikihesabu nitabeba brashi ngapi.

Haya. Sasa kicheko. Nilimlaza mama mkwe kitandani kwangu, nikamwashiria, lia. Mota ikatetemeka chini ya kiganja changu, na nikashtuka, kwa sababu nilikuwa namwona analia na wakati huo huo nahisi. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia, na nadhani kuanzia hapo hakukuwa na sababu ya kazi.

Kisha nikafanya mlichopaswa kufanya. Nyinyi mlikuwa mnamtoa Mpelelezi mzima mzima. Mimi nikichora bango likiharibika sifuti lote, nafuta rangi moja moja nione iliyokosea ni ipi. Basi nikatoa waya mwekundu, mama akalia, inatetemeka. Nikatoa wa manjano, akalia, inatetemeka. Wa kijani, wa bluu, mpaka rangi zote nane zikaisha na mota bado inaruka! Ule mstari wenu wa kwenye kompyuta umelala, hauna habari, lakini mto unatetemeka. Zimebaki nyeusi mbili. Nikatoa moja. Kimya.

Nikarudisha, inatetemeka. Nikazifuata kwa kidole zote mbili, kumbe zinaingia mahali pamoja ndani ya tumbo la Mpelelezi. Kwa hiyo hazikuwa zinapima kitu. Zilikuwa zinavifunga viboksi viwili pamoja, hasi kwa hasi. Nikachukua kipande cha waya, nikakata, nikafunga kutoka kiboksi hadi kiboksi, nikamrudisha Mpelelezi kwenye boksi lake na kulikalia kama mume wangu. Mama, sauti imebaki kidogo, akalia. Mto ukatetemeka.

Alifungua macho akaniona nalia mimi, akadhani nimeumia. Tukakumbatiana, tumbo katikati. Lakini hajafunga mdomo wake, usidhani. Aliniandikia kwenye karatasi: "Hiki kimesikia mtu mzima. Tusubiri kimsikie mtoto."

Waya huo uunge kwa lehemu ukija, nimeufunga kwa gundi ya mabango.

Brashi


23 Aprili

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako mbele ya kambi nzima, maana mpishi alidai anayo haki. Wamenicheka mpaka pampu ikasikika inacheka.

Uko sahihi katika yote mawili. Tulikukosea, na mimi zaidi yao. Sitafanya tena kitu chako nyuma ya mgongo wako.

Na kuhusu waya, sikiliza aibu ya kaka yako. Kila kiboksi kina betri zake, na umeme ukitoka lazima upate njia ya kurudi, mtoto wa darasa la sita anajua. Mimi nilipitisha waya mmoja tu wa kwenda. Unajua kwa nini? Kwa sababu kazi yangu ni maji. Sisi tunalaza bomba moja. Maji yakishafika kwa watu yamefika, sijaona mtu anaturudishia. Mkono wangu umezoea hivyo ukalaza bomba moja bila kuniuliza. Mpelelezi, pale nilipombana kwa adabu zote mbili, akawa bomba la kurudia. Nilimwajiri achunguze kosa, naye akawa analificha. Ndiyo faida ya mpelelezi wa bei ya kandambili.

Mtunze mpwa wangu. Siku mama mkwe atakaponyamaza, niandikie wewe mwenyewe.

Kaka yako,
Fundi Pampu


8 Mei

Mjomba!

Ndiyo, wewe. Ni msichana. Mama na mtoto wazima, mimi sijambo ila nimechoma trei nne za mikate na sikuomba radhi kwa mtu yeyote. Ana masikio yako, pole kwake.

Mama yangu amehamia kwetu kwa muda kumsaidia Brashi, na hapo ndipo kuna kasoro. Sikio lipo mahali pake, betri zimejaa, lakini halijapata kazi hata mara moja. Mtoto akikunja uso tu, bibi yake ameshamnyakua. Akifungua mdomo, anaukuta begani kwa bibi. Kulia kwenyewe ni kwa sauti nyembamba, kama mlango wa kabati. Brashi anauliza kila jioni, "Limesikia?" Nami natikisa kichwa.

Mwezi ujao mama anarudi kwake. Begi lake liko tayari mlangoni. Leo Brashi amelifungua kuweka taulo, akakuta nguo za mtoto zimekunjwa ndani, zote. Ameirudisha zipu na kuketi kando ya kitanda cha mtoto.

Unga


12 Juni

Kaka,

Kaa chini kwanza, na mpishi akae.

Jana mchana Unga alikuwa kazini. Mama mkwe alitoka uani kuanika nguo. Mtoto alikuwa amelala, nami nikajinyoosha kidogo tu, nikapitiwa. Nikaota sijui nini. Ghafla kichwa changu kinatetemeka, meno yanagongana, nikadhani tetemeko la ardhi. Nikainuka na mto mkononi, naukodolea macho kama mjinga, mpaka nikakumbuka. Mto hautetemeki wenyewe.

Nikaenda. Alikuwa amekuwa mwekundu, mdomo umefunguka wote, ngumi mbili hewani. Analia, kaka! Sijawahi kufurahi hivyo kuona mtu analia. Nikamchukua, nikamweka kifuani, nikahisi kile kilio kinapungua kwenye ngozi yangu mpaka kikaisha.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni. Nguo mbichi begani, ncha ya mtandio ameiuma kwa meno, machozi yanamtiririka. Alikuwa amefika kabla yangu. Alisikia kilio cha kwanza, akakimbia, akafika mlangoni na kujizuia. Aliniambia baadaye kwamba amezaa watoto watano na hajawahi kufanya kitu kigumu kama kusimama pale asimchukue.

Hakusema lolote. Alikwenda kwenye begi lake, akatoa nguo za mtoto moja moja, akazipanga kwenye rafu yangu. Kisha akafunga zipu. Jioni tulimsindikiza kituoni, akaondoka na begi jepesi, anapunga mkono dirishani kama msichana. Unga alilia mbele ya kituo kizima, na yeye hakuna aliyemwomba.

Sasa nikuambie jambo, ulielewe wewe mwenye masikio. Tangu nilipokuwa mdogo, anayenitaka inabidi anifuate mpaka nilipo aniguse. Mama yetu alinifuata, wewe ulinifuata, mume wangu ananifuata. Hakuna mtu aliyewahi kuniita akiwa mbali nami nikaja. Wewe umeitwa mara ngapi maishani mwako, ukajibu "naam" bila hata kufikiri? Mimi jana ndiyo mara yangu ya kwanza. Mwanangu aliniita, nami nikaenda mwenyewe.

Hii barua naiandikia mezani, na mota nimeiweka hapa hapa juu ya meza karibu na karata

Umeona mwandiko ulivyoruka? Meza nzima inatetemeka. Ananiita.

Naam!

Brashi